Nywele za Shangazi

Jiwe lilipita juu ya Uwanda wote, likapita juu ya mto, likapita juu ya ukuta wa Chemchem, likaingia kwa mtu jikoni.

Kule Nyundoni, juu ya kilima, watu waliokuwa wakitazama walinyoosha shingo kwanza. Halafu mmoja akapiga kelele ya furaha, wengine wakafuata, na ngoma zikaanza. Bi Sikudhani hakushangilia. Alisimama nyuma ya mtambo, mikono bado inanuka mafuta ya nyonyo, akitazama kivumbi chembamba kilichonyanyuka kule ng'ambo. Alikuwa kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha chungu motoni na yeye keshafika mbali.

Maana jiwe halikutakiwa kufika kule. Hakuna jiwe lililowahi kufika kule. Wazee wa nchi ile waliijenga miji yao kwa hesabu. Mtupo mmoja ni umbali ambao mfyatuo mkubwa kuliko yote unaweza kurusha jiwe, na kati ya mji na mji iachwe mitupo miwili. Vita vikija, na vilikuja, kama mwaka jana Chemchem ilipoziba mfereji wa maji, vijana waliteremka Uwandani wakapambana huko katikati kwa pinde za chuma. Walikufa, ndiyo. Lakini mtoto mchanga alilala kwao, mgonjwa alilala kwao, na mkate uliokuwa tanurini uliiva.

Jiwe hili lilikwenda mitupo miwili na ushee. Na lilikwenda kwa sababu ya Bi Sikudhani.

Hakuwa fundi wa vyuma yeye. Alikuwa msusi, mama wa makamo mwenye vidole virefu, aliyesuka maharusi wa Nyundoni kabla vita havijamhamishia Karakana. Mfyatuo ni kitu rahisi ukiuangalia: mkono mrefu wa mti, shina lake limebanwa na kamba mbili nene kama kiuno cha mtu, moja kulia na moja kushoto, zimesokotwa mpaka zinalia. Ukiziachia zinataka kurudi zilivyokuwa, na mkono unaruka. Mafundi walijaribu kano za ng'ombe, umande ukazilegeza. Wakajaribu chuma, baridi ya alfajiri ikakipasua. Wakajaribu utomvu wa mpira, jua likauyeyusha. Mwisho wakagundua kile walichokuwa nacho vichwani siku zote. Nywele za binadamu hazichoki. Ndipo ikaja zaka ya nywele, na Nyundoni nzima ikawa vipara, wake kwa waume, vichwa vyeusi kwa ile dawa ya upele inayochanganywa makaa, kiberiti upele na chumvi ya mapangoni. Dawa hiyo tangu dunia iwepo haijapata kazi nyingine.

Na Bi Sikudhani, miezi miwili nyuma, alichoka kusuka kamba kama kamba. Akazisuka kama kichwa cha bi harusi anayetakiwa kucheza siku saba asifumuke: tatu ndani ya tatu, kila jicho limefungwa na mwenzake. Hakufikiri chochote. Alitaka tu kazi ipendeze.

Mtambo uliofungwa kamba zile waliupa jina la Shangazi. Hagongi mlango, walisema, na akifika lazima umsikie.

*

Mhandisi Tawakali alikuja Karakana kesho yake, karatasi mkononi na kalamu sikioni. Alikuwa mtu mpole, safi, anayehesabu hatua zake anapotembea. Wasusi kumi na wawili walikuwa wamekaa mikekani wakichambua nywele: za kipilipili huku, za singa kule, mvi peke yake kwa sababu mvi hukatika.

"Akina mama, hongereni," alisema. "Kamati imekaa. Baada ya siku tatu Shangazi atatupa tena. Safari hii si jiwe. Ni vyungu vya lami, na utambi unawaka."

Mikono ilisimama.

"Paa za Chemchem ni nyasi," alisema Bi Sikudhani.

"Ndiyo maana." Akaitazama karatasi yake, si uso wa Bi Sikudhani. "Kamba za jana zimekatika kwa ule mtupo mrefu, tutasuka nyingine. Nywele zilizobaki ghalani zinatosha kamba mbili tu. Sasa, hati hii lazima iandikwe sawasawa. Siwezi kuandika 'ule msuko wa Bi Sikudhani.' Una jina gani?"

"Hauna jina, Bwana Mhandisi."

"Kitu hakiwezi kukosa jina. Misuko yenu mnaiitaje?"

Wanawake wakatazamana. Mtu aliyekua na dada watatu ndani ya nyumba halafu hajui msuko hata mmoja! Mmoja akaanza kwa utani: "Mabutu." Mwingine: "Vitunguu." Mhandisi akatikisa kichwa. Vitunguu havikumpendeza kwenye hati ya vita.

"Andika twende kilioni," ilisema sauti ya pembeni.

Alikuwa Bi Zamda. Wenzake waliguna, mmoja akaficha uso kwa kanga. Bi Zamda hakucheka. Tangu mwaka jana hakuwa akicheka. Mwanawe Shomari aliteremka Uwandani na kichwa alichomsuka mwenyewe. Ndiyo desturi yao: kijana husukwa na mama yake kabla ya kwenda, na akirudi mama yule yule ndiye anayefumua, mtu mwingine haruhusiwi. Shomari alirudishwa kwenye ubao. Walimzika vile vile, na misuko yake.

"Twende kilioni," Mhandisi alirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Uso ukamng'aa. "Twende kilioni! Hilo ndilo jina la vita. Wakilisikia tu watajua kinachowajia." Akaandika kwa herufi kubwa, akasoma kwa sauti: "'Kamba zote mbili zisukwe kwa msuko wa Twende Kilioni na si mwingine. Atakayesuka vinginevyo ni msaliti.'" Akapiga muhuri.

Alipotoka, kicheko kilipasuka kama chungu. Twende kilioni! Ule msuko wa haraka, unaosukwa pale habari ya msiba inapofika na kichwa kiko timutimu: vidole tu, hakuna chanuo, hakuna mafuta, mafungu manne matano manene, haya twende. Unakaa mpaka maziko. Kesho yake asubuhi umeshafumuka wenyewe.

Bi Sikudhani alicheka pamoja nao. Halafu akaacha kucheka, maana alikuwa ameshaanza kuhesabu. Kamba iliyosukwa hivyo ingelia vizuri jioni, Mhandisi anapoigonga kwa kijiti kuipima. Ingelala na umande. Na asubuhi ya vita ingekuwa imelegea kama kichwa cha mfiwa. Na nani angemlaumu msusi? Hati imesema.

Akainua macho. Bi Zamda alikuwa akimtazama, na hakuweza kusoma kilichomo machoni mwake.

*

Saa sita mchana ni saa ya vioo. Vita au si vita, kwa muda wa jua kupita juu ya nguzo, ndugu wa mji huu na ndugu wa mji ule huruhusiwa kusalimiana kwa mmweko. Bi Sikudhani alipanda darini kwake, akafuta kioo kwa upindo wa kanga, akasubiri. Dada yake Mashavu aliolewa Chemchem miaka thelathini nyuma. Ndiye aliyemfundisha kusuka, wakiwa watoto, kwenye nywele za mahindi mabichi, wakitegeana vitendawili mpaka mama yao anawafokea.

Kule ng'ambo kioo kikapepesa. Akasoma herufi moja moja.

JIWE LENU LIMEVUNJA TANURI. MKATE UMEUNGUA. MIMI MZIMA. NANI KASUKA?

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kioo. Alimulika herufi nne, POLE, halafu akakifunika kanga. Akakaa darini jua linampiga kichwani, anasimama, anakaa, anasimama tena.

"Mama! Uko wapi? Mama!"

Riziki, bintiye wa pekee, alipanda ngazi mbili mbili. Miaka ishirini, kichwa kimenyolewa, masikio makubwa ya baba yake yamebaki wazi kama vipini vya chungu. "Nimechaguliwa! Mimi ndiye mfyatuaji wa Shangazi! Wasichana tisa tumeshindanishwa, wamenichukua mimi!"

"Wamekuchukua," alisema mama yake.

"Neno gani hilo? Sema hongera."

"Hongera, mama. Na mfyatuaji anakaa wapi hasa?"

Riziki akachuchumaa pale pale kuonyesha. "Hapa, katikati. Kamba huku, kamba huku, unazisikia magotini. Kabla ya kuvuta nazipiga kofi, kulia, kushoto, bahati yangu. Halafu navuta."

"Kamba moja ikiwa imelegea?"

"Italegeaje moja peke yake? Mama, unaniombea mabaya?"

"Nauliza tu."

"Moja ikilegea na nyingine imekaza, mkono hauendi mbele, unakuja upande. Unapita hapa." Akajigusa shingo, haraka, kama anayefukuza nzi. "Mfyatuaji wa mwaka juzi hawakumpata mzima."

"Na zikilegea zote mbili?"

Riziki akacheka. "Zote mbili? Zote mbili zikilegea, Mama, tunachekwa tu."

Akashuka kwenda kuwaambia wenzake. Bi Sikudhani alibaki na maneno yale, akiyapindua huku na huku. Tunachekwa tu. Basi ni hivyo. Zikikaza zote mbili, Chemchem inaungua, na Mashavu ndani yake. Zikilegea zote mbili, watu wanacheka. Na moja hivi na nyingine vile, anazika mwanawe. Kamba zote mbili atazisuka yeye, kwa vidole vyake mwenyewe, alijiambia, na moyo ukatulia kidogo.

Ulitulia mpaka jioni tu. Jioni kikaja kikaratasi cha Mhandisi: kwa kuwa muda ni mfupi, kamba ya kulia itasukwa na Bi Sikudhani, na ya kushoto na Bi Zamda. Kila mmoja banda lake, ili siri isikae kichwa kimoja. Wasionane mpaka kazi iishe.

Akakimbia, kanga inamvuka, mpaka mlangoni kwa Bi Zamda. Alimkuta anafunga mlango na askari anamsubiri.

"Zamda, mwenzangu, utasukaje?"

Askari akakohoa. Bi Zamda akaweka ufunguo kifuani.

"Nitasuka kama nilivyomsuka Shomari siku ile," alisema, akaondoka.

Na Shomari, mji mzima ulikumbuka, alisukwa kwa kukaza hata ngozi ya kipaji ilimvutika.

*

Mabanda yale mawili yaligawanywa na ukuta wa mbao, na kwenye upenyo wa mlango alikaa askari Mwinjuma, mtu mnene mwenye kupiga miayo. Siku ya kwanza ilipita kwa kazi tu. Bi Sikudhani alisuka kiini cha kamba na kukifumua, akakisuka tena na kukifumua tena. Upande wa pili alisikia nywele zinavutwa, mvuto mrefu, mvuto mrefu. Anakaza au analegeza? Nywele zikivutwa haziwezi kukwambia.

Aliwaza kusuka kwa kukaza, ili Riziki apone ikiwa Zamda amekaza. Lakini kama Zamda ametii hati? Basi yeye mwenyewe atakuwa amemuua Riziki kwa kukaza kwake. Akawaza kwenda kwa Mhandisi kumwambia jina lile lina maana gani. Riziki angepona hapo, hakika. Na mitupo miwili kutoka pale mtu mwingine angekuwa anamtoa mtoto kwenye nyasi zinazowaka. Mara tatu alisimama kwenda. Mara tatu Mwinjuma alimuuliza, "Haja?" naye akajibu, "Hapana, miguu tu."

Siku ya pili, jua lilipoanza kuinama, akapata wazo.

"Afande, mbona unasinzia? Tukutegee vitendawili?"

"Amri inasema msizungumze kazi."

"Kitendawili ni kazi?"

Mwinjuma akafikiri. "Si kazi. Tega."

"Ana meno mengi, hajawahi kula. Kila asubuhi hupita kwenye shamba jeusi."

"Chanuo!" Mwinjuma akapiga goti lake. "Na siku hizi hana shamba, masikini! Lete kingine."

"Hiki si chako. Hiki ni cha Bi Zamda." Akasogea ukutani, akaweka mdomo karibu na mbao. "Kitendawili!"

Mvuto mrefu wa nywele. Halafu: "Tega."

"Twaenda naye kwa watu, ameshikana. Kukicha, hakuna aliyemwachisha, kaachana mwenyewe."

"Mlevi," alisema Mwinjuma. "Si mlevi? Basi ndoa ya mjomba wangu!"

"Nyamaza, Afande. Bi Zamda, unakijua?"

"Mimi najua kingine," ilikuja sauti kutoka ng'ambo ya mbao. "Kilikwenda kimeshikana, kikarudi kimeshikana, na sasa hakuna wa kukifumua."

Bi Sikudhani akafumba macho. "Kipo. Nakijua. Lakini changu mimi ni pacha, Zamda. Wawili. Mmoja akiachana na mwenzake akabaki ameshika, aliye katikati yao anavunjika."

"Kitendawili hakirefushwi hivyo," alilalamika Mwinjuma. "Huo sasa ni ugomvi wa mirathi."

"Katikati yupo nani?" aliuliza Bi Zamda.

"Mtoto."

"Wa nani?"

"Wangu."

Mvuto wa nywele ukasimama. Nje mbuzi alilia, mtu akamfukuza.

"Basi umeshindwa," alisema Bi Sikudhani. "Nipe mji."

"Mimi nakupa Nyundoni!" alisema Mwinjuma.

"Hukuulizwa wewe. Zamda, nipe mji."

"Unataka mji gani?"

"Unaujua."

"Mji huo ulinichukulia mtoto."

"Ulikuchukulia."

"Nawe una dada huko, ndiyo maana."

"Ninaye. Na dada yangu ana jirani, simjui hata jina. Naye ana watoto wake, Zamda. Achomwe kwa sababu hana dada Nyundoni?"

Kivuli cha mlango kilitambaa kwenye mkeka, kikafika kwenye chungu cha mafuta ya nyonyo, kikakipita. Mwinjuma alikuwa ameacha kupiga miayo. Alitazama ukuta, akamtazama Bi Sikudhani, kama mtu anayehisi mchezo una kitu ndani yake ila hakioni.

"Haya," ilisema ile sauti mwishowe, kavu, imechoka. "Nakupa Chemchem. Nenda. Tuone kama watakukaribisha."

Mtu anaweza kuyasema maneno hayo kwa moyo mweupe. Anaweza pia kuyasema kama unavyomwambia mtu aliyekuudhi, haya nenda basi. Bi Sikudhani aliyasikiliza tena na tena kichwani na hakupata ni yapi. Lakini mchezo una sheria zake, na aliyepewa mji lazima aingie.

"Nimekwenda Chemchem," alisema polepole, na mkono wake ukasukuma chungu cha mafuta mbali, mpaka ukutani. "Nimekuta milango wazi. Nimekunywa maji ya mfereji, baridi. Nimekula mkate ambao haukuungua. Watoto wao wananichungulia kipara wananicheka. Nimelala, nimeamka, paa liko juu yangu." Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza: bila chanuo, bila mafuta, mafungu manene, haya twende. "Na jibu lake..."

"Jibu lake?" aliuliza Mwinjuma.

"Jibu nitalitoa kesho."

"Ah! Mji umeshapewa, jibu hutoi? Huo si mchezo, Bi Sikudhani! Huo ni wizi!"

Kabla jua halijazama Mhandisi Tawakali alikuja na kijiti chake. Kamba zilikuwa zimeshafungwa kwenye Shangazi, zimevishwa ngozi nje, na nje misuko yote hufanana. Akaigonga ya kulia. *Nnnng.* Akaigonga ya kushoto. *Nnnng.* Sauti moja, kama watu wawili wanaoimba pamoja tangu utotoni. Akatabasamu, akabandika lakiri, na kwa kanuni yake mwenyewe lakiri ikishabandikwa hakuna wa kugonga tena.

Bi Sikudhani alimtafuta Bi Zamda kwa macho. Alikuwa ameshaondoka.

*

Kulipopambazuka umande ulikuwa mzito, nyasi zimeinama. Mji wote ulikuwa kilimani. Watu wa tiara, vile vishada vikubwa vinavyobeba mtu, walikuwa wamesharushwa angani kwa kamba zao, ili wahesabu chungu kitaangukia paa la ngapi. Kule Chemchem vioo vilimulika ovyo ovyo, vyote kwa pamoja, hata husomi neno. Walijua.

Bi Sikudhani alijipenyeza mpaka mstari wa mbele. Alikuwa ameshaamua jambo moja alfajiri, na hilo tu ndilo lililomwezesha kusimama. Kamba iliyolegea ikipigwa kofi huguna, kamba iliyokaza huimba. Riziki atazipiga kofi kabla ya kuvuta. Ya kulia itaguna, hiyo ni yake, anaijua. Ya kushoto ikiimba, atapiga kelele. Atasema yote, mbele ya kamati na mbele ya mji, na wamfanye watakavyo, na Chemchem... Hapo mawazo yalikuwa yakisimama kila mara.

Chungu cha lami kikapakiwa. Utambi ukawashwa. Riziki akapanda, akakaa katikati, akanyoosha mabega. Akamwona mama yake, akamkonyeza.

Akapiga kofi kulia.

*Bup.*

Akakunja uso kidogo. Mdomo wa Bi Sikudhani ulikuwa wazi, pumzi imejaa kifuani.

Akapiga kofi kushoto.

*Bup.*

"Vuta!" alipiga kelele Mhandisi.

Riziki akavuta. Shangazi akainua mkono wake kwa uvivu, kama bibi anayeamkiwa na watu asiowapenda, akaufikisha nusu, akaushusha. Chungu kikateleza, kikaviringika chini ya mteremko hatua thelathini, kikapasukia kwenye shamba la maboga la Karakana. Maboga yakashika moto. Harufu yake, ukweli usemwe, ilikuwa nzuri.

Halafu wasichana tisa wa mtambo wakaanza kucheka, na kicheko kikashuka kilimani kutoka mdomo mpaka mdomo. Ng'ambo kule vioo vikatulia, kimoja kikauliza taratibu: MNAPIKA?

Mhandisi alipasua ngozi kwa kisu. Ndani nywele hazikuwa kamba tena. Zilizosukwa bila mafuta na kusokotwa kwa nguvu ile, zilikuwa donge moja lililojifunga mafundo, la kulia na la kushoto sawasawa, ambalo chanuo lolote lingelia machozi.

"Nimesema twende kilioni," alisema, akiinyanyua hati. "Hapa imeandikwa. Nani amesuka kingine?"

"Ndiyo hiyo, Bwana Mhandisi," alisema Riziki, akifuta macho. "Ndivyo ilivyo. Ukitoka kilioni inafumuka." Akamweleza, mbele za watu, kwa adabu, vile mtu anavyosukwa msiba ukifika. Kadiri alivyoeleza, ndivyo uso wake mwenyewe ulivyobadilika. Akaacha kucheka. Akageuka, akamtazama mama yake, mkono ukaenda shingoni.

Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mjinga, alikuwa hajui tu, na sasa alijua. Alimtazama Bi Sikudhani, akamtazama Bi Zamda aliyesimama mbali peke yake. Akaikunja hati mara mbili, mara nne.

"Mwaka," alisema, kama anayejihesabia. "Kabla nywele hazijafika urefu wa kukatwa. Mwaka mmoja na nusu, labda." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na ule msuko mwingine bado mnao kichwani, ninyi wawili."

Bi Sikudhani alijifunga kanga upya, akaanza kushuka kilimani.

*

Mchana ule Bi Sikudhani alimkuta Bi Zamda amekaa kwenye mkeka wa Karakana, mbele ya donge la kamba ya kushoto, kisu mapajani. Alikuwa anakata mafundo kidogo kidogo bila haraka. Bi Sikudhani akakaa kando yake. Mikono yake haikujua pa kukaa.

"Riziki hasemi nami," alisema.

"Atasema. Unaye wa kukunyamazia."

Wakakata mafundo.

"Nilikupa mji," alisema Bi Zamda. "Sikukupa kwa moyo mweupe. Nilisuka kwa kukaza kwanza, ujue. Nilisuka mpaka karibu na mwisho, halafu nikafumua. Usije ukaniona mwema."

"Sawa."

"Sasa zamu yangu. Kitendawili."

"Tega."

"Nimesuka vichwa vya mji mzima, vyote vimefumuliwa. Kimoja kimelala na misuko yake."

Bi Sikudhani alilijua jibu. Lilikuwa na jina, na sauti, na masikio ambayo kijana yule aliyatoboa mwenyewe kwa sindano, kwa utundu wa utotoni. Asiweze kulitamka, akatii mchezo.

"Nakupa..."

"Usinipe mji," alisema Bi Zamda. "Mji sitaki."

Baadaye Bi Sikudhani akanyoosha mkono, akaupitisha juu ya kichwa cha mwenzake, kutoka kipajini mpaka kisogoni, kama anavyofanya msusi kabla hajaanza. Chini ya ile dawa nyeusi, viganja vyake vikahisi kitu kama mchanga laini.

Nywele zilikuwa zimeanza kuota.